Jibu: Mlinzi wa moto mnarani anapata muda wa kupiga picha?

Ndugu, umeuliza kama kazi ya kukaa mnarani kuangalia moto wa msituni inamwachia mpiga picha wa mazingira muda wa kamera. Inamwachia, ila si muda wowote autakao. Mchana, jua likiwa kali na upepo ukivuma, moto hukua haraka, hivyo saa hizo macho ni ya darubini tu. Alfajiri na jioni, mwanga ukiwa laini, angalau unaweza kuiba dakika chache.

Ninachokipenda mno ni kujifunza kutofautisha moshi na ukungu. Baada ya mvua, ukungu hupanda kutoka mabondeni kama nyuzi, hutanda, kisha hupotea. Moshi hung'ang'ania palepale unapotokea, mara nyingi ukiwa na ubluu kwa mbali. Ukizoea kutazama hivyo, hata picha zako zinabadilika. Unaacha pupa ya kubonyeza.

Radi zikianza, weka kamera chini na ukae mbali na vyuma. Minara mingi ya zamani ilikuwa na kigoda chenye miguu ya kioo kwa ajili hiyo, maana kioo hakipitishi umeme. Andika kila mahali zilipopiga, kwani mti uliopigwa unaweza kufukuta siku kadhaa kabla moshi haujaonekana.