Ekari moja na nusu Njoro: ulipie picha za setilaiti?

Dada, umeuliza kama uilipe kampuni ikutumie picha za setilaiti za mahindi yako, ekari moja na nusu hapo Njoro. Mimi ningesema usilipe kwanza. Picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, ni za bure, hupigwa kila baada ya siku 5 hivi, na kijana yeyote anayejua kompyuta anaweza kukufungulia kwenye tovuti ya Copernicus, mpango wa Ulaya unaozitoa.

Ila ujue mipaka yake. Kila kijisanduku cha picha ni mita 10 kwa 10, kwa hiyo shamba lako lote ni vijisanduku 60 hivi, na vile vya kando vimechanganyika na ua na mimea ya jirani. Aprili na Mei, mawingu yakitanda, unaweza kukaa majuma bila picha safi. Tena magugu nayo ni kijani, kwenye picha yanafanana na mahindi! Utakachoona ni sehemu iliyofifia kuliko nyingine. Kama ni viwavijeshi, maji yaliyotuama au mbolea pungufu, hilo utalijua kwa miguu yako. Pesa hizo ningepimia udongo kabla ya kupanda. KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, wana kituo hapo hapo Njoro, anzia kuuliza kwao.