JIBU: Farasi wangu anarudi na alama za meno kila jioni, nimtenge?

Jambo mdogo wangu. Swali lako nimelisoma lote. Dume wako wa miaka minne, aliyehasiwa mwaka jana, anashinda nje na farasi jike wawili na yule farasi mzee wa jirani aliyehasiwa zamani. Kila jioni anarudi na alama za meno shingoni na begani, wiki hii kifundo cha mguu wa nyuma kimevimba, na sentineli wako, yule mlinzi, anasema umtenge kabla hawajamuua.

Mimi nisingemtenga. Baba yangu alitunza farasi wa watu hapa Lubumbashi, nami naifanya kazi hiyohiyo upande wa Kipopo. Walioumia vibaya niliowaona, wengi wao hawakuumizwa na mchezo. Waliumizwa na seng'enge, na chuma cha kwato za nyuma, na majani yaliyomwagwa rundo moja kwa farasi wote.

Alama za shingoni zisikutishe. Madume, hata waliohasiwa, hucheza kwa mdomo na miguu ya mbele: wanasukumana shingo, wanang'atana miguu ya mbele mpaka mmoja apige magoti, wanasimama kwa miguu ya nyuma na kukumbatiana. Mtu asiyewazoea ataita watu waje na fimbo. Wewe kaa pembeni, tazama nani anamfukuza nani. Kwenye mchezo wanapokezana: huyu anafukuza, kisha yule anafukuza, wanasimama wanakula kidogo, halafu aliyefukuzwa mwenyewe anarudi kumchokoza mwenzake. Watu hapa jukwaani wanakwambia uangalie masikio tu. Sawa, masikio yaliyolala nyuma ni dalili, lakini hata wanaocheza huyalaza kidogo. Mimi naangalia kama anarudi.

Ugomvi wa kweli hauna marudio. Mmoja amekwisha kubali, ameondoka, na mwenzake bado anamfuata, anamsukuma kwenye kona, anamgeuzia makalio na kurusha miguu yote miwili. Anayeonewa utamjua hata kama vita hukuviona: anasimama peke yake, haendi kunywa mpaka wengine watoke, anapungua mwili, na jioni ni wa kwanza kusimama getini.

Sasa kile kifundo. Meno ya mzee hayavimbishi kifundo cha nyuma namna hiyo. Hapo nashuku teke au ua, na kama ni teke, ningeanza kuwachunguza wale jike. Jike hapendi mieleka. Akichoka kusumbuliwa analia kwa sauti kali na kurusha mguu, na kijana aliyehasiwa juzi mara nyingi bado ana tabia za kidume za kuwafuatafuata. Teke moja la onyo ni malezi, atajifunza kukaa mbali. Lakini lazima awe na mahali pa kukimbilia, na miguu ya huyo jike isiwe na chuma. Kwa hiyo mwite fundi wa kwato aondoe vyuma vya nyuma kwa farasi wote wanne, na jirani naye akubali. Hilo lifanyike wiki hii, mengine yanaweza kusubiri.

Wavue pia likoli, ile mikanda ya kichwani ya kumshikia farasi, wanapokuwa nje. Kijana anapenda kushika likoli ya mwenzake kwa meno na kuvuta, na mguu ukiinuliwa unaweza kunasa humo. Kama ni lazima abaki nayo, iwe ya ngozi nyembamba inayoweza kukatika, siyo ile ya nailoni.

Kuhusu uwanja: umeandika kwamba una kichuguu kikubwa karibu na ua. Vichuguu vyetu vya huku Katanga vinajulikana kwa ukubwa, na katikati ya uwanja kichuguu ni rafiki, maana anayefukuzwa anakizunguka na mwenzake anapoteza hamu. Kikiwa karibu na ua ni mtego, kwa sababu kinaacha njia nyembamba ambayo wawili hawapishani. Ziba njia hiyo kwa miti ya mikaratusi. Kona kali nazo zikate kwa mti mmoja wa kukingama ili pawe na mzunguko, na seng'enge yoyote iliyo ndani ya ua iondoke. Usiniambie ni ghali. Kushona farasi ni ghali zaidi.

Jambo ambalo watu husahau ni saa za kutoka. Majira ya mvua tunawaingiza ndani kabla ya magharibi kwa sababu ya visubi, maana ndivyo vinavyoambukiza ule ugonjwa unaoua farasi wetu (African horse sickness), na vinauma zaidi kuanzia jioni hadi alfajiri. Ni vizuri, usiache. Ila farasi aliyefungwa usiku kucha, aliyepewa kopo la chakula cha gunia saa kumi na mbili asubuhi, akifunguliwa saa tatu anatoka kama mechi ya Mazembe na Lupopo. Wape majani wale kwanza humo ndani, watoe mara jua likichomoza vizuri, na washinde nje mchana kutwa badala ya masaa mawili matatu tu. Chakula cha gunia cha huyo kijana kipunguze kama hapandwi kila siku. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya asubuhi nayo inawapandisha moto, hasa siku ya upepo. Siku hizo mtembeze kwa kamba kabla ya kumwachia.

Kiangazi kuna shida nyingine. Nyasi zimekwisha, udongo umekuwa kama sementi, na mchezo unageuka kuwa vita vya chakula. Farasi wa kilo 450 anahitaji karibu kilo 9 za majani makavu kwa siku, maana tumbo lake halipumziki kutengeneza asidi hata likiwa tupu. Farasi wanne, weka marundo matano au sita, mbalimbali, mbali na geti na mbali na ua. Rundo la ziada ndilo linaloleta amani, maana aliyefukuzwa anakuta lingine linamsubiri. Maji vilevile, sehemu mbili.

Kuhusu jeraha usikae na subira ya kijijini. Teke upande wa ndani wa mguu, juu ya kifundo, mahali ngozi inapokaa karibu moja kwa moja juu ya mfupa, linaweza kuacha kidonda kidogo tu huku mfupa umepasuka. Akichechemea hapo, asitembezwe, daktari aje alipo. Kidonda karibu na kiungo, hata tundu la msumari, ni cha siku ileile. Na chanjo ya pepopunda ithibitishwe, farasi ni dhaifu sana kwa ugonjwa huo.

Ningewatenga lini? Kama kijana hamwachi mzee apumzike na mzee ameacha kurudi. Mzee mwenye viungo vibovu hastahili kijana wa miaka minne mchana kutwa, mtafutie wa rika lake. Au kama mmoja anakonda. Hata hapo watenganishe kwa ua ambao wanaonana na kunusana. Farasi wa peke yake nyuma ya ukuta wa matofali atakuletea matatizo ambayo hata sentineli hajayafikiria.

Hebu tujibu haya: kifundo kina joto ukikigusa? Anakanyaga sawasawa? Na mzee wa jirani, jioni anakuwa wapi uwanjani?