Re: Stoo zikijaa mzigo, uchumi unakua?

Mkuu, umeuliza kama wafanyabiashara kujaza stoo ni dalili ya uchumi kukua. Inategemea mzigo umejaaje. Kwenye pato la taifa, ongezeko la bidhaa ghalani huhesabiwa kama uwekezaji, kwa hiyo tarakimu hupanda hata kama hakuna mteja aliyenunua. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Nenda Mwaloni, lile soko la samaki na dagaa pale Kirumba, Mwanza: mfanyabiashara mmoja amejaza magunia ya dagaa kwa kuwa wateja wa Kongo wako njiani, jirani yake magunia yamemlalia, wateja hawaonekani. Stoo zote mbili zimejaa! Ila huyu wa pili kesho hanunui tena kwa wavuvi, na mdororo huanzia hapo. Mimi hutazama mzigo pamoja na mauzo: stoo ikivimba huku mauzo yakishuka, naanza kuogopa.