Ukitaka Kuwaelewa The White Stripes, Anza na 1999

Wapenzi wengi wa soka wameimba muziki wa The White Stripes bila kulijua jina la kundi hilo. Zile noti saba ambazo mashabiki wa Italia walizibeba hadi kwenye Kombe la Dunia la 2006, na ambazo hadi leo husikika viwanjani baada ya bao, zinatoka katika wimbo wao wa 2003, Seven Nation Army. Mimi pia nilizijua kwa njia hiyo, na kwa miaka kadhaa niliamini kwamba ile ni sauti ya gitaa la besi. Sivyo. Ni gitaa la kawaida la Jack White, lililoshushwa oktavu moja, yaani hadi sauti nzito zaidi, kwa pedali, kifaa cha kukanyagwa kinachobadilisha sauti ya gitaa, kwa sababu kundi lenyewe lilikuwa la watu wawili tu, yeye na Meg White aliyepiga dramu, wala halikuwa na mpiga besi. Nilipolitambua hilo ndipo nilipoamua kuzitafuta rekodi zao za mwanzo, nami nakushauri ufanye hivyo, ila usipite njia niliyopita mimi.

Nilianza vibaya. Nilichukua wimbo mmoja hapa na mwingine pale, nikazisikiliza kwa spika ndogo ya simu, nikasikia makelele matupu. Muziki huu wa roki ya gereji hurekodiwa bila kusafishwa, na kundi lisilo na besi huutegemeza uzito wake wote kwenye ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu. Spika ya simu huimeza ngoma hiyo na kukuachia mikwaruzo ya gitaa peke yake. Kwa hiyo tafuta vipokea sauti vya masikioni vilivyo bora, au redio yenye spika za kutosha, kabla hujatoa hukumu yoyote.

Kisha anza na albamu ya kwanza, iliyobeba jina la kundi, ya mwaka 1999. Ilirekodiwa kwao Detroit, Marekani, pamoja na Jim Diamond, mwenye studio ya Ghetto Recorders, miaka miwili tu baada ya wawili hao kuanza kupiga pamoja. Usiruke wimbo hata mmoja kati ya zile 17. Utakapofika kwenye The Big Three Killed My Baby, tulia. Ni wimbo unaoyashtaki makampuni makubwa matatu ya magari katika mji ulioishi kwa magari, nao umejengwa kwa kodi tatu za gitaa, yaani mafungu matatu tu ya noti zinazopigwa kwa pamoja, ukisukumwa na dramu inayogonga kama nyundo ya kiwandani. Sijasikia hasira iliyoelezwa kwa vyombo vichache namna hiyo.

Hapa ni lazima nimtetee Meg, maana kuna wanaosema hadi leo kwamba upigaji wake ni wa kitoto. Rafiki yangu anayepiga dramu kanisani alisema hivyo hivyo, nikamwomba aufuatishe mmoja wa nyimbo hizo kwa mtindo wake. Alijaza kila pengo kwa ufundi wa kweli, na wimbo ukapungua nguvu mbele ya macho yetu, kwa kuwa gitaa lilikosa mahali pa kupumulia. Aliporudia kwa kufuata mapigo ya Meg kama yalivyo, pamoja na ule ukimya anaouacha kabla ya kuyagonga matoazi, wimbo ulisimama tena. Jifunze kuusikiliza ukimya huo, kwa maana ndiyo besi ya kundi hili.

Albamu ya pili, De Stijl ya mwaka 2000, ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Jack aliirekodi nyumbani kwake, kwa mashine ya kanda yenye njia nane, na ukisikiliza kwa makini unahisi ukubwa wa chumba chenyewe. White Blood Cells ya 2001, iliyorekodiwa Memphis kwa siku zisizofika nne, ndiyo iliyowapa umaarufu, na huhitaji mimi nikusukume kuipenda.

Lakini usiondoke kwenye De Stijl kabla hujausikia Death Letter, wimbo wa Son House, mwanamuziki wa bluzi kutoka Mississippi ambaye albamu ya 1999 ilitolewa kwa heshima yake. Uweke kwanza jinsi Son House mwenyewe alivyourekodi mwaka 1965, akiwa mtu mzima anayesimulia barua iliyomletea habari ya kifo cha mpenzi wake, halafu uweke wa The White Stripes papo hapo. Ukimaliza, tafuta Grinnin' in Your Face wa mzee huyo huyo, ambao Jack White ameutaja kuwa wimbo anaoupenda kupita yote. Hamna gitaa ndani yake. Kuna sauti ya mtu mmoja na makofi yake, tena makofi yasiyolingana sawasawa, na ukiyasikia utamkumbuka Meg mara moja.