Re: Kambi za tembo Phuket, kuna haja ya kwenda?

Dada, umeuliza kama mkifika Phuket, kile kisiwa cha Thailand, mchague kambi ya kupanda tembo au ile ya kuwatazama tu. Nendeni ya kuwatazama. Mgongo wa tembo haukuumbwa kubeba kiti cha chuma na watalii wawili kutwa nzima.

Jina lisikudanganye lakini. Kibao kinaandikwa "hifadhi", ukiingia ndani unakuta mnyororo mguuni na mchungaji ana fimbo yenye ndoano. Kabla ya kulipa, uliza: kuna kupanda? Kuna kuwaogesha? Mimi hata kuogesha nimekataa, maana tembo yuleyule anasuguliwa na kundi la asubuhi, la mchana na la jioni.

Nilichofurahia ni kumlisha ndizi. Mkonga unakuja taratibu, ncha yake imelowa, inapapasa kiganja kabla ya kuchukua. Wale wa Asia wana kidole kimoja pale nchani, wetu wana viwili. Masikio yao madogo, na majike wengi hawana pembe za kuonekana.

Nilicheka peke yangu. Kwetu Liwale tembo akiingia shambani usiku tunapiga madebe mpaka kunakucha, huku nimetoa hela nimlishe kwa mkono!

Vaeni nguo za kuchafuka na viatu visivyoteleza. Novemba hadi Aprili mvua huwa chache. Mkienda Septemba mtacheza kwenye tope.