Kipusa au Msupa?

SWALI: Mhariri, ninafundisha Kiswahili katika shule ya upili mtaani Buruburu, Nairobi. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu wanataka kughani tarbia (shairi la mishororo minne kila ubeti) ya kale ya mapenzi kwa mtindo wa kufokafoka, yaani rap, na tayari wamebadili neno "kipusa", yaani msichana mrembo, kuwa "msupa" la Sheng. Walimu wenzangu wanasema huku ni kumvunjia malenga heshima. Je, niwaruhusu? – Mwalimu, Buruburu

JIBU: Waruhusu, mwalimu, ila "kipusa" arudi mahali pake. "Msupa" ana mizani (silabi) tatu sawa naye, lakini kina, yaani silabi ya mwisho inayolingana na ya mishororo mingine, kimegeuka kutoka -sa kuwa -pa na ubeti umepwaya.

Hoja ya heshima hainishawishi. Ushairi wetu uliishi kwa kughaniwa: tungo za malenga Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, zilidumu vinywani mwa watu kwa miongo kadhaa kabla ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah na Mwingereza William Taylor kuzikusanya kwa maandishi.

Kazi kubwa iko kwenye mapigo. Mshororo wa tarbia una mizani 16, nane za ukwapi (nusu ya kwanza) na nane za utao (nusu ya pili), na kila nane huenea vizuri katika mapigo manne ya ngoma, silabi mbili kwa kila pigo. Hivyo silabi ya saba, ambayo ndiyo hubeba mkazo wa neno la mwisho, huangukia pigo la nne, na kina husikika wazi. Chukua mshororo huu niliouunda kwa mfano tu: "Moyo wangu wakutaka, usiku hata mchana." Ukwapi unatembea wenyewe. Kwenye utao, anayefuata ngoma kama mtumwa atatamka "usiKU haTA", na hapo ndipo wenzako watakapopata sababu ya kununa. Mfundishe kijana aubakize mkazo wa kawaida wa neno, autangulie au auchelee mdundo kidogo, mradi akutane nao kwenye "-cha-".

Kabla ya hayo yote, wakufafanulie kila neno la Kimvita, lahaja ya Mombasa, kwa maneno yao, hata kwa Sheng, kwa kuwa Sheng ina nafasi yake katika maelezo baina ya beti. Niliwahi kumwona kijana jukwaani akiigiza kubeba maji kichwani alipofika kwenye neno "ndoo", ilhali mshairi, kwa Kimvita, alikuwa akimwambia mpenzi wake "njoo".