Mteja akinyamaza, napunguza bei mwenyewe

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi cherehani, nina fremu Mbagala. Kushona najua, kupatana bei ndiyo shida. Mwezi uliopita mama mmoja wa mtaani aliniletea vitenge nimshonee magauni 18 ya sare ya harusi. Nikamtajia 45,000 kwa gauni. Akanyamaza, anatazama simu yake. Nikasema basi 40,000. Kimya. Nikasema 35,000. Ndipo akafungua mdomo: "Nifanyie 28,000, si tunajuana?" Nikakubali. Nilipotoa bitana, zipu, uzi, oveloki na hela ya msaidizi, nikabaki na 10,000 kwa gauni, na hapo umeme sijaugusa. Sasa anakuja tena Jumamosi, ana sendofu ya binti wa pili, magauni 24. Na mwenye fremu anataka kodi ipande kutoka 150,000 hadi 200,000. Nifanyeje? — Fundi, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Kutoka 45,000 mpaka 35,000 mama wa watu hakutamka neno. Ulipatana na nafsi yako, na nafsi yako ikakulalia. Elfu kumi mara magauni 18 ni laki na themanini, sawasawa na ulichobaki nacho baada ya kukesha kote. Uliigawa kabla hujaombwa. Na huyo mama huenda alikuwa anasoma tu meseji za kamati.

Kwa hiyo usiniambie hujui kupatana. Unaogopa kimya. Mteja akinyamaza unaona amechukia, unakimbilia kumbembeleza kwa hela yako.

Hebu fikiria kwa nini kijana haendi mwenyewe kupanga mahari. Ana haja, na haja huonekana usoni. Anatumwa mshenga. Mshenga akitajiwa kiwango hashtuki wala hakubali, anasema tu, "Nimesikia, nitawafikishia walionituma." Kaka yangu mmoja alijifanya wa kisasa, akaenda mwenyewe. Dakika tano alishakubali kila kitu, mpaka blanketi la bibi na mbuzi wa mjomba, na deni lile alilimaliza mtoto wake wa kwanza akiwa darasa la pili.

Wewe huna mshenga, una daftari. Gharama zako kwa gauni ni 18,000: kwenye 28,000 ulibaki na 10,000, umeandika mwenyewe humu. Juu yake weka ujira wa mikono yako, umeme, na kipande cha kodi. Tuseme inafika 35,000. Basi hapo ndipo sakafu, bei usiyoshuka chini yake, na asiione mtu mwingine. Ukiulizwa bei ghafla, jibu: "Ngoja nipige hesabu, jioni nitakwambia." Hakuna mteja wa sare anayekimbia kwa kusubiri mpaka jioni. Na akitaka kushuka chini ya sakafu, mwache aende kwa fundi mwingine. Itauma, najua, hasa akipita na vitenge vyake mbele ya fremu yako. Lakini kazi ya kukesha bure utaipata siku yoyote.

Akisema punguza, usipunguze bei tupu, punguza na kazi. Anataka 38,000? Sawa, zipu alete mwenyewe. Anataka chini zaidi? Basi bila bitana. Au mshono uwe mmoja kwa wote 24, asije kila mwanakamati na picha yake kwenye simu, huyu mikono ya puto, yule mgongo wazi. Hilo peke yake litakuokolea siku kadhaa, kwa hiyo hapo hata ukimpunguzia elfu mbili hujapoteza. Na kianzio ni nusu kabla mkasi haujagusa kitambaa. Akikuletea ile "si tunajuana", cheka naye, mwambie ni kweli, ndiyo maana umemwekea kazi yake mbele ya za wengine.

Mwenye fremu usimsubiri mpaka mkataba uishe, maana siku hiyo utakuwa huna pa kwenda na yeye anajua. Nenda sasa. Kabla hujaenda, waulize majirani wa upande ule wanalipa ngapi, na tazama kuna fremu ngapi zimefungwa na tangu lini. Fremu ikikaa tupu miezi miwili kwa 150,000, amepoteza laki tatu, ambazo ndizo nyongeza yake yote ya miezi sita. Huna haja ya kumtisha nayo. Mwambie tu unalipa kwa wakati, na ukipata hela ya sare utamlipa miezi kadhaa kwa mkupuo kwa kodi ya zamani. Akikataa kabisa, omba apandishe 20,000 na aezeke lile bati linalovuja, kama lipo. Mkikubaliana, yaandikwe. Dalali usimtume akusemee: yeye hula kodi ya mwezi mmoja kila anapoingia mpangaji mpya, kubaki kwako hakumpi kitu.

Sasa Jumamosi. Mama akija, msalimie, muulize habari za bibi harusi wa juzi, pokea vitenge uvipime. Mtajie 45,000, na useme ndani yake kuna nini: bitana, zipu, oveloki, kupima mara mbili. Halafu inama, tia uzi kwenye sindano, anza kukanyaga cherehani. Akitazama simu, mwache aitazame.